Ka-ka-ka katika kona: kardani inasema nini?

Katika kurasa hizi tumezoea kusoma juu ya malaria na usafi wa vyoo. Leo ninaomba nafasi niongee juu ya motokari, juu ya ile sauti inayotoka karibu na pine ya mbele wakati shofere anakata kona: ka-ka-ka-ka. Hapa Goma tunaisikia kila siku, na wengi wanaongeza radio tu.

Mimi pia nilinyamaza. Mwaka jana tulikodi gari kupeleka wadogo wa kwaya, nami nilipewa kazi ya kuwachunga. Gari ilikuwa inalia kila kona ya kushoto. Lakini shofere ni mzee, sawa baba yetu. Nikajiambia: mtoto hafundishi mzee kuendesha. Kwenye njia inayopanda kutoka ziwani kitu kikakatika chini, pa! Mota ikanguruma, gari haikuenda mbele. Ikaanza kurudi nyuma. Papa shofere akaweka P, ikazidi kurudi. Mpaka alipovuta freni ya mkono ndipo ikasimama, tukashuka mbio kuweka mawe nyuma ya pine. Hakuna aliyeumia.

Sasa tuelewe. Katika magari mengi madogo ya siku hizi, mota inazungusha pine za mbele. Chuma kinachotoka kwenye boate ya vitesi mpaka kwenye pine ndicho kardani. Pine inapaswa kuzunguka na tena kugeuka kushoto na kuume, kwa hiyo kardani ina kiungo mwishoni, kama kifundo cha mkono. Ndani ya kiungo hicho mna bili sita za chuma ndani ya mifereji. Aliyekibuni ni Alfred Rzeppa, mwinjinia wa kampuni ya Ford, katika miaka ya 1920. Kiungo cha zamani chenye msalaba, kikikunjwa, kinazungusha pine kwa kushtuka-shtuka. Hiki cha bili kinazungusha kwa mwendo uleule, hata katika kona kali.

Gari ikienda moja kwa moja, bili karibu hazitembei. Ikikata kona, kila bili inakwenda na kurudi ndani ya mfereji wake kila mara pine inapozunguka. Bila grese mfereji unaliwa, unapata mashimo, na bili inaruka juu ya shimo. Hiyo ndiyo ka-ka-ka. Ndiyo sababu inakimbia haraka zaidi gari ikiongeza mwendo.

Na grese inakwenda wapi? Inalindwa na sufle, ule mpira mweusi wenye mikunjo kama akordeoni ya kanisa. Sufle ikipasuka, grese inarushwa nje na vumbi linaingia. Hapa kwetu hiyo si ajabu. Tarehe 17/1/2002 lava ya Nyiragongo ilipita katikati ya mji, na njia nyingi za mitaa zikafunguliwa tena juu ya jiwe lenyewe. Tarehe 22/5/2021 ikashuka tena mpaka Buhene, ikakata njia ya Rutshuru. Jiwe lile linakata kama chupa iliyovunjika, na vumbi lake jeusi ndani ya bili ni sawa na msasa. Mwenye chukudu peke yake ndiye hana shida ya kardani.

Kwa kupima, tafuteni uwanja mtupu. Geuzeni volanti mpaka mwisho, mzunguke polepole, madirisha wazi. Ikilia ukizunguka kushoto, mara nyingi ni kardani ya kuume, kwa kuwa uzito unaegemea huko. Kisha fanyeni upande wa pili. Inameni pia: grese nyeusi iliyotapakaa ndani ya pine ni ushahidi mkubwa. Lakini kama gari imesimama na volanti inageuzwa na kitu kinalia, msishitaki kardani, maana haizunguki. Tazameni rotule na amotisere. Tena mbele ya kulipa fundi, angalieni kama jiwe halikukwama katika pine, na kama nati za pine hazikulegea. Hizo za mwisho ni hatari kuliko kardani.

Sufle ikipasuka leo na kiungo bado kimya, osheni, mtie grese nyeusi ya kardani (si ile ya manjano ya kila kazi), mfunge sufle mpya. Bei yake ni ndogo. Lakini kiungo kikiisha kulia, grese itakinyamazisha siku chache tu, na wako mafundi wanaouza kimya hicho. Kinapaswa kubadilishwa, na meno ya kipya yahesabiwe yawe sawa na ya kile cha zamani.

Kazi yenyewe mwachieni fundi, lakini mjue anachofanya. Nati kubwa ya katikati inalegezwa gari ikiwa bado chini. Kriki iwekwe juu ya ubao, maana juu ya lava inateleza. Kardani ikichomolewa, mafuta ya boate yanamwagika. Yarudishwe kwa kipimo.

Na ile P? Inafunga boate tu. Kardani moja ikikatika, boate haishiki pine tena. Ni freni ya mkono na mawe, basi.

Gari ya kwaya iliwekwa kardani nyingine, na sasa inakata kona kimya. Papa shofere nilimwambia kwamba nilikuwa nimesikia tangu wiki tatu. Akanitazama sana, akasema: «Mimi pia.» Siku hizi, mbele wadogo hawajapanda, ananiita niiname nitazame sufle.