Bach kwenye kinanda kikubwa: kweli au uongo?

Makanisa mengi ya Meru na Embu yana kinanda cha umeme, kile kinachobebwa begani hadi kwenye jumuiya. Mpigaji akibonyeza sauti ya ogani, kanisa la mabati hunguruma kama kathedro ya Ulaya. Hapo ndipo ubishi wa wanakwaya huanza: je, mtunzi Mjerumani Johann Sebastian Bach (1685–1750) anafaa kupigwa kwa mngurumo huo?

"Bach alizoea vinanda vidogo tu."
Uongo. Ni kweli kinanda chake cha mabomba cha Arnstadt, alikoajiriwa mwaka 1703, kilikuwa na safu 2 tu za vibonye vya mikono. Lakini mwaka 1720 alikalia kile cha kanisa la Mtakatifu Katarina, Hamburg: safu 4, na mabomba ya futi 32, karibu mita 10. Alipiga kwa zaidi ya saa mbili. Waliomfahamu waliandika kwamba alisikitika kutopata kinanda kikubwa na kizuri cha kutumia kila siku.

"Kinanda kikubwa humgeuza Bach kuwa kelele."
Hapa lawama ni ya mpigaji. Katika fuga, sauti moja hutangulia na wimbo, ya pili ikaudaka, kisha ya tatu, na msikilizaji anatakiwa azifuate zote. Sasa chukua kinanda cha Saint-Sulpice, Paris, alichokikamilisha Aristide Cavaillé-Coll mwaka 1862: safu 5 za vibonye na seti zipatazo 100 za mabomba. Ukifungulia zote, besi itameza sauti za katikati, na kuta za mawe zitashikilia kila noti hadi ikanyagane na inayofuata. Dawa yake inajulikana: seti chache zenye sauti angavu, mwendo uliopunguzwa kidogo, vidole vinavyoachia mapema. Tena Cavaillé-Coll alihifadhi mabomba mengi ya mtangulizi wake, Clicquot, ya mwaka 1781. Ndani ya jitu hilo mna kinanda cha kale; ni juu ya mpigaji kukitafuta. Ghala kujaa si sababu ya kupika gunia zima.

"Sauti ipande na kushuka polepole, ndiyo hisia."
Uongo. Sanduku la kufunga na kufungua sauti kwa mguu halikuwa kwenye vinanda vya Bach. Yeye alihamisha mikono kutoka safu moja hadi nyingine.

"Mambo haya ni ya Wazungu na kathedro zao."
Uongo nusu. Daktari Albert Schweitzer alisomea kinanda kwa Widor, mpigaji wa Saint-Sulpice, akaandika kitabu juu ya Bach mwaka 1905, na mwaka uliofuata akavilaumu vinanda vya kiwandani vilivyotafuta nguvu kuliko uzuri. Mwaka 1913 alipokwenda Lambaréné, Gabon, kutibu wagonjwa, alikuwa na piano yenye vibonye vya miguu, iliyotiwa bati la zinki ndani. Haikuwa na bomba hata moja, lakini Bach alipigwa huku huku Afrika.

Ukitaka mabomba halisi, panda gari hadi All Saints' Cathedral, Nairobi. Na wewe mpiga kinanda wetu, Jumapili ijayo zima mwangwi, chagua sauti ya filimbi peke yake, kisha uwaulize wanakwaya wamesikia sauti ngapi.