Coniston: Mlima Uliochimbwa kwa Nguvu ya Maji

Kaskazini-magharibi mwa Uingereza, katika eneo la milima na maziwa liitwalo Lake District, upo mlima wa Old Man of Coniston. Kimo chake ni mita 803. Kwa aliyezoea Meru au Rwenzori hicho ni kilima tu, lakini pembeni yake kuna bonde lililochimbwa shaba kwa takriban karne tatu, na mtu anaweza kufika kileleni kwa kupita katikati ya machimbo hayo. Wapandaji wengi huyapita haraka magofu na vifusi wakiwahi juu. Naamini wanakosa sehemu bora ya safari. Mabaki yale yana mpangilio, na anayeujua hupanda huku akielewa jinsi mgodi ulivyofanya kazi na kwa nini ulikufa. Cha kufuata ni maji.

Safari huanzia kijijini Coniston, kandokando ya kijito cha Church Beck. Kijito hiki hushuka kwa kasi kwenye korongo jembamba, na katika milima inayokizunguka mvua hupita milimita 2,000 kwa mwaka. Ukifika daraja la mawe la Miners Bridge, bonde linafunguka mbele yako: vifusi vya kijivu na hudhurungi visivyoota majani, kuta zilizobomoka, na nyumba zilizojengwa kwa ajili ya watu wa mgodi. Hapo ndipo Coppermines Valley.

Mwamba wa bonde hili ulitokana na volkano zilizolipuka yapata miaka milioni 450 iliyopita. Baadaye mwamba ulipasuka, vimiminika vya moto vikapenya kwenye nyufa na kuacha madini humo. Kwa hiyo shaba ya Coniston haikutandazwa chini kama tabaka. Imo ndani ya mishipa myembamba iliyosimama karibu wima, na mshipa wa namna hiyo humlazimisha mchimbaji aufuate kwenda chini. Kila mita anayoshuka, maji ya mvua humfuata kupitia nyufa zilezile. Tatizo la mgodi huu lilikuwepo tangu siku ya kwanza: jinsi ya kuyatoa maji.

Wachimbaji wa kwanza walioacha kumbukumbu walikuwa Wajerumani. Malkia Elizabeth I alitaka nchi yake iwe na shaba yake yenyewe, na mwaka 1568 kampuni ya Mines Royal ikapewa hati ya kifalme. Mafundi waliletwa chini ya uongozi wa Daniel Hechstetter kutoka Augsburg, wakaweka makao Keswick, na kufikia mwisho wa karne ya 16 kazi ilikuwa imefika Coniston. Mbale, yaani mawe yenye madini, ilibebwa na farasi wa mizigo kuvuka milima hadi kwenye tanuri za Keswick. Njia za chini ya ardhi zilichongwa kwa nyundo na tindo, zikiwa nyembamba miguuni, pana mabegani, kisha nyembamba tena kichwani. Umbo hilo lilipunguza jiwe la kuondoa: ulichongwa upenyo wa kumtosha mtu, basi.

Baruti ilibadilisha kasi ya kazi. Badiliko kubwa zaidi lilikuja miaka ya 1820, alipowasili John Barratt, fundi wa migodi kutoka Cornwall, kusini-magharibi mwa nchi. Barratt alipanga mgodi kwa kufuata maji. Kutoka sakafu ya bonde, njia za mlalo zilichimbwa kuingia mlimani hadi kukutana na mishipa. Njia ya namna hii huinuka kidogo kadiri inavyoingia ndani, na mwinuko huo mdogo hufanya kazi mbili. Maji yote yaliyo juu yake hutiririka nje yenyewe, bila pampu. Vilevile gari lililojaa mbale hushuka kwa urahisi kuelekea nje, na farasi hulirudisha likiwa tupu. Mojawapo ya njia hizo bado huitwa Horse Level.

Chini ya usawa wa njia hiyo msaada huo ulikwisha. Maji yaliyokusanyika kwenye vina vya mgodi ilibidi yainuliwe, na kuyainua kunataka nguvu. Migodi mingi ya wakati ule ilitumia mvuke, lakini mvuke unataka makaa ya mawe, na Coniston haina makaa ya mawe. Ina mvua na miteremko. Ndiyo maana bondeni kuna mashimo marefu membamba yaliyojengewa kuta za mawe: humo yalizunguka magurudumu makubwa ya maji. Gurudumu lilisukuma mtaimbo uliopanda na kushuka ndani ya shimo la wima, na mtaimbo huo ukaendesha pampu kule chini. Maji ya juu ya mlima yakawa yanalipwa kazi ya kuyatoa maji ya chini.

Magurudumu mengine yalisaga mbale. Madini makuu hapa yanaitwa kalkopairiti, mchanganyiko wa shaba, chuma na salfa. Hata yakiwa safi kabisa, shaba ni takriban theluthi moja tu ya uzito wake, na yalitoka mlimani yakiwa yameshikana na mawe yasiyo na thamani. Wavulana walichambua mawe kwa mikono. Yaliyofaa yakapondwa, kisha yakatikiswa majini. Kalkopairiti ni nzito zaidi ya mara nne kuliko maji ya ujazo uleule, ilhali jiwe jeupe la kwazi lililoambatana nayo halifiki mara tatu. Kwa hiyo chembe za shaba zilitangulia kuzama na mchanga ukabaki juu. Kilichopatikana ndicho Watanzania walichokijadili sana mwaka 2017: makinikia. Vifusi unavyovikanyaga leo ni mabaki ya kazi hiyo.

Coniston iliuza makinikia, si shaba iliyoyeyushwa, kwa sababu ya hesabu ya makaa. Kuyeyusha shaba kulimeza makaa ya mawe mengi, hivyo ilikuwa nafuu kuipeleka mbale kwenye makaa kuliko kuyaleta makaa kwenye mbale. Mzigo ulisafiri kwa mashua kwenye ziwa la Coniston Water, kisha kwa mikokoteni hadi bandarini. Reli ilifika kijijini mwaka 1859, wakati mgodi ukiwa na nguvu na ukiajiri mamia ya watu. Msomaji wa Lubumbashi ataitambua hesabu hii kwa upande wake wa pili. Kule tanuri lilijengwa karibu na machimbo na shaba ya kwanza ikamiminwa mwaka 1911, lakini nishati ilibidi itafutwe, na mwaka 1930 kituo cha umeme wa maji cha Mwadingusha kikafunguliwa kwenye mto Lufira kwa ajili ya migodi hiyohiyo. Shaba haiendi mbali bila nguvu ya kuisukuma.

Kutoka bondeni njia hupanda hadi ziwa dogo la Levers Water. Lipo hapo kwa asili, lakini liliwekewa ukuta ili liwe ghala. Mvua hainyeshi kwa ratiba ya mgodi: kiangazi kikiwa kikavu au baridi ikigandisha mifereji, magurudumu husimama, pampu husimama, na vina huanza kujaa. Maji yaliyozuiliwa huku juu yalikuwa akiba ya siku hizo. Leo ziwa hilo hilo linawapa wanakijiji maji ya kunywa. Karibu yake utaona mpasuko mkubwa kwenye mwamba, Simon's Nick, mahali ambapo mshipa uliondolewa ukaacha pengo. Usiukaribie ukingo wake, wala usiingie kwenye tundu lolote; sakafu za zamani zilikuwa za mbao, na mbao huoza.

Kutoka ziwani mteremko mkali hukufikisha kwenye mgongo wa mlima, ukapita Brim Fell yenye mita 796, na baada ya mwendo mfupi ukasimama kileleni. Ukitazama chini ndipo mgodi mzima unaonekana kama mtambo mmoja: ghala la maji, mifereji, magurudumu, sakafu za kuchambulia, kijito, ziwa la mashua.

Kutoka hapo ni rahisi pia kuona kwa nini ulikufa. Kadiri vina vilivyoongezeka, kila tani ya mbale ilidai maji mengi zaidi yainuliwe, na mteremko una kikomo cha nguvu unayoweza kutoa. Wakati huohuo shaba ya bei nafuu ilimiminika kutoka Chile na nchi nyingine, bei ikashuka. Mwisho wa karne ya 19 kazi kubwa ilikuwa imekwisha, ingawa shaba haikuwa imeisha. Pampu ziliponyamaza, maji yakapanda hadi usawa wa njia za mlalo na kuanza kutoka nje yenyewe. Yanatoka mpaka leo, yakibeba kiasi cha metali, maana salfa ikikutana na hewa na maji hutengeneza asidi inayoyeyusha mawe. Kifusi kisichoota majani kinaeleza habari hiyohiyo.

Mabaki ya Coniston sasa yanalindwa kisheria, na tangu 2017 Lake District imo katika Urithi wa Dunia. Bondeni kuna hata mtambo mdogo wa umeme unaotumia mteremko uleule. Ulinzi huo ni wa haki, kwa kuwa bonde hili linafundisha jambo linalohitajika popote madini yanapochimbwa, Kahama, Geita au Kolwezi. Mgodi ukitangazwa, watu huuliza kuna madini kiasi gani. Waulize pia maswali mawili, na wapewe majibu kabla shimo halijafunguliwa: nguvu ya kuuendesha itatoka wapi, na maji yake yatatiririkia kwa nani siku ukifungwa.