Umealikwa Mazoezi ya Samba Rio? Cheki Rada Kabla Uingie

Uko Rio de Janeiro, Jumamosi saa nne usiku. Mabeshte wako Wabrazil wanakuambia, "Twende shule." Unajiuliza, manze, ni shule gani inafunguliwa usiku na bia inauzwa ndani? Tulia. Hiyo ni shule ya samba, na usipojua vile inafanya kazi utacheza, upige selfie, urudi kulala bila kujua umeona nini.

Kwanza, hakuna darasa. Shule ya samba ni timu ya mtaa. Deixa Falar, iliyoanzishwa mtaa wa Estácio mwaka wa 1928, ndiyo hutajwa kuwa ya kwanza kubeba hilo jina. Ismael Silva, mmoja wa waanzilishi, alieleza kwamba karibu na base yao kulikuwa na chuo cha walimu, wakaona basi na wao ni walimu, wa samba. Kumbuka Brazil ilimaliza utumwa 1888 tu. Hawa walikuwa wasee weusi wa mitaa maskini, na siku hizo polisi walikuwa wanawasumbua wacheza samba. Kujiita shule ilikuwa pia kudai heshima.

Leo ni ligi kamili. Daraja la juu Rio lina shule 12. Wakati wa karnivali, kila moja inapita Sambódromo, barabara ya kama mita 700 yenye viti pande zote, iliyochorwa na Oscar Niemeyer na kufunguliwa 1984. Majaji wanatoa alama kati ya 9 na 10, na wanakata kidogo kidogo: 9.9, 9.8, hivyo hivyo. Wanaangalia ngoma, wimbo, mavazi, magari ya maonyesho, vile watu wanasonga na vile wanaimba. Ya mwisho inashushwa daraja kama timu ya mpira.

Unadhani ni mchezo? Mwaka wa 2018, Beija-Flor iliishinda Paraíso do Tuiuti kwa alama 0.1 pekee. Portela nayo, yenye mataji mengi kuliko shule zote, ilikaa bila taji kutoka 1984 hadi 2017. Mtoto wa Madureira angeweza kuzaliwa, aoe na apate watoto kabla aone timu yake ikibeba.

Ndio maana mazoezi ni kitu serious. Shule ikishachagua wimbo wake wa mwaka, kinachofuata ni miezi ya kuurudia, kwanza ndani ya ukumbi wao unaoitwa quadra, halafu barabarani mtaani. Mwisho kuna mazoezi ya Sambódromo kwenyewe, na kuingia huko ni bure. Kama huna doh ya tikiti ya karnivali, hiyo ndiyo form.

Ukiingia quadra, kitu ya kwanza itakugonga kifua ni ngoma. Wapigaji wanaweza kupita 200. Ngoma kubwa inaitwa surdo. Ya kwanza inapiga, ya pili inajibu, ya tatu inaingia katikati na kuchokoza. Mangueira wao hawana hiyo ya kujibu, ndio maana wenyeji wanaitambua wakiwa mbali hata bila kuiona. Ukisikia kitu kama inalia na kucheka kwa wakati mmoja, hiyo ni cuíca, ngoma yenye kijiti ndani kinachosuguliwa kwa kitambaa.

Halafu ghafla ngoma zote zinanyamaza. Usidhani stima imepotea. Mkuu wa ngoma amezikata makusudi, na ukumbi mzima unaendelea kuimba bila mdundo mpaka azirudishe. Hapo ndipo anayejua maneno na anayefungua mdomo tu wanajulikana.

Sasa usidanganywe na picha za mtandaoni. Yule mrembo anayecheza mbele ya ngoma, malkia wao, hapewi alama yoyote. Lakini cheki wale wamathe wenye sketi pana wanaozunguka polepole. Hao ni baiana, kumbukumbu ya wanawake weusi waliotoka Bahia na kulea samba kwa nyumba zao Rio. Kanuni zinataka idadi fulani yao, na wakipungua shule inakatwa alama. Wakipita, toa njia. Bendera ya shule ikiletwa mbele yako, inabusiwa, na hiyo ni heshima kubwa. Weka simu chini kwanza.

Luku pia ina sheria. Mangueira ni kijani na pinki, Portela ni buluu na nyeupe, Salgueiro ni nyekundu na nyeupe. Kuvaa rangi za wapinzani ndani ya quadra ni kama kuingia na jezi ya Ingwe katikati ya mashabiki wa Gor. Kama huna uhakika, uliza mabeshte wako kabla mtoke.

Na ukitaka kupita Sambódromo mwenyewe, inawezekana. Shule nyingi huuzia hata wageni mavazi. Lakini ukishavaa, wewe si mtalii tena. Jaji akiona kundi lenu limefunga midomo, shule inaumia, na tushaona 0.1 inaweza kufanya nini. Ndio maana mabeshte wako watakusumbua wiki nzima na maneno ya Kireno hata kama huelewi. Hawakukualika uangalie. Wamekualika uimbe.

Kuna kitu kingine cha kwetu hapo. Mwaka wa 2025 Mangueira walipita na stori ya Wabantu walioletwa Rio kwa nguvu, wengi kutoka Angola na Kongo. Lugha zao bado ziko. Mtoto wa mwisho Brazil anaitwa caçula, neno la Kimbundu.

Kwa hivyo nenda, lakini shika wimbo. Alama husomwa Jumatano ya Majivu, moja baada ya nyingine. Kama uliimba na hiyo mbogi, jaji akitoa 9.9 utajipata umesimama juu ya kiti ukimpigia kelele, kwa Kireno.