Samli, mafuta ya nyama na afya ya mbwa

Mjini Isiolo, ambako nyama ya ngamia, samli na nyirinyiri hupikwa katika nyumba nyingi, mabaki yenye mafuta hayakosi kumfikia mbwa. Sufuria hupanguswa kwa ugali, na ugali huo hutupiwa mnyama mlangoni. Je, chakula hicho kina madhara?

Mafuta yenyewe si sumu. Gramu moja huleta kalori 9, zaidi ya maradufu ya gramu moja ya protini. Mbwa anayefuata mbuzi malishoni kutwa nzima huziteketeza zote; yule aliyefungwa mnyororo langoni hunenepa tu.

Hatari huja pale mbwa asiyezoea anapopata mafuta mengi kwa mkupuo mmoja, mathalani siku ya Idd-ul-Adha, nyama inapokuwa tele. Kongosho hutoa vimeng'enya vya kusaga mafuta, ambavyo kwa kawaida huanza kazi vikishafika utumboni. Kiungo hicho kikivimba, vimeng'enya hivyo huanza kazi mapema na kukisaga chenyewe. Mbwa hutapika, huhara na kukataa chakula. Wengine huinamisha kifua hadi chini huku wakiinua sehemu ya nyuma, kwa maumivu ya tumbo. Kumnywesha samli au mafuta kwa nia ya kumsafisha tumbo, kama wafanyavyo baadhi ya watu wakidhani amelishwa sumu, ni kuongeza moto. Apelekwe kwa daktari wa mifugo mara moja, kwani maradhi hayo huweza kuua.

Wakati mwingine kibaya si mafuta bali kilichotiwa ndani yake. Vitunguu maji na vitunguu saumu, viwe vibichi au vilivyopikwa, huharibu chembe nyekundu za damu ya mbwa. Mayonezi ya vibanda vya chipsi ni mafuta, kiini cha yai na siki. Akiramba kidogo hapana neno, ila iliyotiwa saumu asipewe kabisa.

La kuogopwa zaidi ni mafuta mabichi ya machinjioni yanapotupwa pamoja na maini na mapafu yenye vifuko vya maji. Mbwa akila vifuko hivyo hupata tegu mdogo ambaye mayai yake hutoka na kinyesi, na binadamu akiyameza huota uvimbe kama huo ini au mapafuni. Maradhi hayo yamewatesa wafugaji wa Turkana kwa miaka mingi. Viungo vya namna hiyo vichomwe moto au vifukiwe shimo refu, mbwa asiweze kuvifukua.