SOMO LA LEO: PILIPILI KAVU

Leo tutajifunza habari za pilipili nyekundu zilizokaushwa.

Chumeni pilipili zilizoiva zikawa nyekundu kabisa. Zianikeni juani, juu ya jamvi au kichanja, si juu ya udongo. Jioni ziingizeni ndani zisipate umande. Zitikiseni: mbegu zikilia ndani, zimekauka. Ziwekeni katika chombo kikavu chenye kifuniko.

Kwa nini tunajisumbua hivi? Kwa sababu pilipili yenye unyevu huota kuvu. Kuvu nyingine hutoa sumu inayodhuru ini, na moto wa jikoni hauiondoi. Basi, pilipili yenye kuvu itupeni, msiisage.

Pilipili kavu iliyosagwa hukoleza maharagwe, samaki na mchuzi, hata usiotiwa chumvi nyingi. Tena ina vitamini A, nayo hulinda macho. Lakini yule ambaye pilipili humchoma tumbo, asile.

Kinywa kikiwaka, maji hayasaidii sana, maana ukali wake hauyeyuki katika maji. Kunyweni maziwa.

Sasa andikeni katika madaftari yenu: jamvi, umande, kuvu.