Mguu uliopona hupimwa kwenye mteremko

Ukiwa mjini Kisii, inua macho tu, Manga hiyo pale: ukingo mrefu wa mawe na miti upande wa Nyamira. Ukisimama juu yake siku isiyo na ukungu, waweza kuliona Ziwa Victoria likimetameta kwa mbali. Aliyeshinda nyumbani miezi kadhaa, mguu umefungwa plasta, huutazama ukingo huo kila asubuhi akijiambia: siku nitakayofika kule juu peke yangu, nimepona.

Hesabu hiyo ina kasoro. Kupanda hupima zaidi moyo na mapafu. Mguu hupimwa wakati wa kuteremka.

Unapopanda, misuli ya mbele ya paja hufupika ili ikuinue. Unaposhuka, misuli iyo hiyo hugeuka breki: inakaza huku ikivutwa na kurefuka. Dereva wa lori la ndizi analijua hili, breki haziliki kwenye kupanda. Na kwa kuwa kazi hiyo haikuhemeshi, unadhani huchoki, kumbe nyuzi ndogondogo za misuli zinachanika. Maumivu huja kesho yake na mara nyingi hukolea siku ya pili au ya tatu. Paja lililonyauka kwa kukaa bila kazi huchoka mapema, na likichoka, goti na kifundo ndivyo vinavyobeba kishindo cha kila hatua.

Kuna pia jambo ambalo picha ya eksirei haionyeshi. Ndani ya kano za kifundo mna ncha za neva zinazoupasha ubongo habari mguu umekanyaga vipi, hata gizani. Kano zikiumia, habari hizo huzorota. Ndiyo maana aliyeteguka kifundo mara moja huteguka tena kwa urahisi. Mfupa unaweza kuwa umeunga vizuri, huku kano zikiendelea kujisuka upya kwa miezi mingi.

Basi anzia nyumbani. Kaa karibu na ukuta, simama kwa mguu ulioumia, fumba macho, kisha ulinganishe na mwenzake. Halafu shuka ngazi polepole. Ukiyumba, au goti likipinda kuelekea ndani, ngoja, Manga haihami.

Anayekwenda peke yake ana hesabu nyingine. Udongo mwekundu wa huku ukilowa ni sabuni, mvua hupenda kunyesha alasiri, na radi za Kisii si za kuchezewa. Ondoka alfajiri, mwachie mtu wa nyumbani njia na saa ya kurudi, simu iwe na chaji. Namba za dharura ni 999 na 112. Beba fimbo, ikiwezekana mbili, maana hupunguzia goti mzigo wakati wa kushuka. Wazee wetu hawaachi fimbo, ila sisi twaionea haya.

Mara ya kwanza ishia nusu ya njia, teremka, kisha usubiri siku tatu. Kifundo kikivimba na kisinywee, au maumivu yakikuamsha usiku, mwone mtaalamu wa tiba ya viungo kabla ya kuutafuta ukingo tena.