Istilahi za Masharti ya Kozi katika Shahada ya Taaluma za Kimataifa

Utangulizi

Mwandishi wa makala haya alipokuwa Tunduma, katika Mkoa wa Songwe, mwalimu mmoja wa sekondari anayewashauri vijana wa kidato cha sita alimletea karatasi ya masharti ya shahada, iliyofasiriwa kwa Kiswahili kwa ajili ya wazazi. Akasema, "Ndugu yangu, karatasi hii imemchelewesha kijana wetu nusu mwaka. Maneno yote ni ya Kiswahili, lakini maana yake siyo iliyokusudiwa."

Kijana aliyetajwa alisoma miaka mitatu. Katika karatasi ile aliona kozi mbili za mwaka wa tatu zimeandikwa kuwa ni "za hiari", naye akaziacha, kwa kuwa hakuzipenda. Siku ya kuhesabu krediti alionekana anazo 336 badala ya 360. Ikambidi arudi chuoni kwa muhula mmoja zaidi, na mama yake, ambaye ni mfanyabiashara wa nafaka pale mpakani, akatafuta ada ambayo hakuitarajia. Kijana hakuwa mvivu wala mjinga. Alilisoma neno kama Waswahili wote wanavyolisoma.

Kwa hiyo makala haya yanakusudia kuzichambua istilahi chache zinazotumika katika kupanga kozi za shahada ya kwanza ya taaluma za kimataifa, na kupendekeza matumizi yaliyo imara. Mifano mingi itatolewa Tunduma, kwa sababu hapo taaluma hiyo inaonekana kwa macho.

Jina la taaluma yenyewe

Wafasiri wengi huandika "uhusiano wa kimataifa" kila wanapokutana na taaluma hii. Jina hilo ni sahihi kwa fani moja tu, yaani fani inayochunguza jinsi dola zinavyohusiana kwa amani, kwa vita, kwa biashara na kwa mikataba. Fani hiyo ilipata kiti chake cha kwanza cha uprofesa mwaka 1919 katika chuo cha Aberystwyth, huko Wales. Katika nchi yetu inafundishwa vyuoni, na pia katika chuo cha diplomasia kilichopo Kurasini, Dar es Salaam, ambacho kilianzishwa mwaka 1978 kwa ushirikiano wa Tanzania na Msumbiji.

Lakini ipo shahada pana zaidi, inayokusanya historia, uchumi, sheria, jiografia na lugha za kigeni, na ambayo uhusiano wa kimataifa ni fungu lake moja. Baadhi ya wafasiri wameiita "stadi za kimataifa". Jina hilo halifai, kwa kuwa stadi ni ujuzi wa kutenda, kama stadi za kazi. Tunapendekeza "taaluma za kimataifa".

Upana huo si wa bure. Tuchukue swali hili: kwa nini Tunduma imekuwa kama ilivyo leo? Mpaka uliopo ulitokana na mapatano ya Uingereza na Ujerumani ya mwaka 1890, na Wanyamwanga wakajikuta wako pande zote mbili. Mwaka 1965 walowezi wa Rhodesia walijitangazia uhuru wao wenyewe, na njia ya Zambia ya kupitisha shaba kuelekea kusini ikawa ya mashaka. Mwaka 1967 Tanzania, Zambia na China zilitia sahihi mapatano ya kujenga reli; ujenzi ukaanza mwaka 1970, na reli ya kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi ikavuka mpaka hapo Tunduma. Mwanafunzi aliyesoma siasa peke yake hawezi kulijibu swali hilo kwa ukamilifu. Atahitaji historia, uchumi wa madini na sheria ya mikataba. Ndiyo sababu shahada hii ina kozi za namna nyingi, na ndiyo sababu masharti yake yana matabaka.

Programu, kozi na somo

Kijana wa Kitanzania akiulizwa, "Umechaguliwa kozi gani?" hujibu kwa kutaja shahada nzima. Akiulizwa swali lile lile akiwa mwaka wa pili, hutaja kipindi cha Jumatatu asubuhi. Neno moja linabeba dhana mbili, na katika kanuni za chuo jambo hilo ni la hatari. Sentensi "Mwanafunzi akishindwa kozi atairudia" inaweza kueleweka kwamba atarudia miaka yote mitatu.

Yafaa basi tutenganishe. Programu ni mpango mzima wa masomo unaomfikisha mwanafunzi kwenye shahada. Kozi ni sehemu moja ya programu, yenye mwalimu wake, mtihani wake na krediti zake. Somo libaki kwa matumizi ya shuleni, kama somo la Historia. Hali kadhalika tahasusi libaki kuwa mkusanyo wa masomo ya kidato cha tano na sita. Neno hilo linatupa moyo: lilikuwa geni, likatumiwa bila kuyumba katika matangazo ya Serikali, na sasa wazazi wanalielewa.

Masharti, mahitaji na sifa

Kosa la pili ni kuandika "mahitaji ya kozi". Mahitaji ni vitu ambavyo mtu anavihitaji: unga, mafuta, daftari. Aliyeandika hivyo alitaka kusema jambo ambalo chuo kinamtaka mwanafunzi alitimize, na hilo kwa Kiswahili ni sharti. Mzazi anayesoma "mahitaji ya kozi" ataanza kuhesabu kalamu na vitabu.

Hata hivyo, sharti nalo lina mahali pake. Kabla ya kuingia chuoni mtu hutazamwa sifa za kujiunga, kama vile ufaulu wake wa kidato cha sita. Akiwa ndani hufuata masharti ya kozi. Mwishoni hupimwa kwa masharti ya kuhitimu. Mwenye sifa za kujiunga si lazima awe ametimiza masharti ya kuhitimu. Maneno haya yakichanganywa, malalamiko hayaishi.

Krediti

Imewahi kuonekana tafsiri iliyosema mwanafunzi "atakusanya mikopo 360". Msomaji anaweza kucheka, lakini mzazi anayesubiri majibu ya Bodi ya Mikopo hacheki. Mkopo ni fedha inayorudishwa. Krediti ni kipimo cha kazi ya mwanafunzi. Kwa utaratibu wa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, krediti moja ni sawa na saa 10 za kazi, zikiwamo mihadhara, semina, kujisomea na mitihani. Na shahada ya kwanza ya miaka mitatu haipungui krediti 360, yaani 120 kila mwaka.

Tutoe mfano, ambao si wa chuo chochote maalumu. Programu ina kozi 30, na kila kozi ina krediti 12, yaani saa 120 za kazi. Mwanafunzi husoma kozi tano kila muhula, kumi kila mwaka. Kati ya hizo 30, kozi 24 zimepangwa na chuo, nazo zina krediti 288. Sita zilizobaki, zenye krediti 72, mwanafunzi huzichagua mwenyewe kutoka katika orodha, mbili kila mwaka. Jumla ni 360. Akiacha mbili tu, atabaki na 336. Hesabu hii ndiyo iliyompata kijana wa Tunduma.

Lazima, kuchagua na hiari

Sasa tumefika kwenye kiini. Kozi zile 24 ni kozi za lazima. Hapo hakuna ubishi. Zile sita ndizo zilizoitwa "za hiari".

Neno hiari asili yake ni Kiarabu, na katika asili hiyo lina maana ya kuchagua. Lakini Kiswahili kimelipa mwelekeo wake. Methali yasema, "Hiari yashinda utumwa." Hapo hiari imewekwa mkabala na kulazimishwa. Mchango wa hiari ni ule ambao usipoutoa hudaiwi. Basi kozi ya hiari, kwa sikio la Mswahili, ni ile ambayo usipoisoma hupungukiwi na kitu. Lakini kanuni ya chuo haisemi hivyo. Inasema: lazima usome mbili, ila ni juu yako kuamua ni mbili zipi. Uhuru upo katika kuteua, haupo katika kuacha.

Wapo waliopendekeza "kozi teule". Neno ni zuri, lakini tukumbuke kwamba Rais mteule ni yule ambaye amekwisha kuchaguliwa. Kozi haiwi teule mpaka mwanafunzi awe ameiteua. Kwa orodha ambayo bado haijateuliwa, tunaona "kozi za kuchagua" ni wazi zaidi, na kanuni iandikwe kwa ukamilifu: "Kozi za kuchagua: mwanafunzi atachagua mbili kati ya tano, na krediti zake zitahesabiwa katika kuhitimu." Istilahi kozi ya hiari ihifadhiwe kwa kozi ambazo kweli ni za ziada, zisizohesabiwa katika zile 360.

Kozi tangulizi

Sharti jingine huhusu mpangilio. Baadhi ya kozi haziwezi kusomwa mpaka nyingine imefaulu kwanza. Wengine huiita hiyo ya kwanza "kozi ya awali", lakini jina hilo hudhaniwa kuwa ni kozi yoyote ya mwaka wa kwanza. Tunapendekeza kozi tangulizi, yaani kozi inayofungua mlango wa nyingine. Zikisomwa pamoja katika muhula mmoja ziitwe kozi sambamba.

Tunduma inatupa mfano ulio dhahiri. Katika mwaka wa tatu mwanafunzi husoma mtangamano wa kikanda. Hapo ataelezwa kwamba Tanzania na Zambia zote ni wanachama wa SADC. Kwamba Tanzania imo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki na Zambia haimo. Na kwamba Zambia imo katika COMESA, ambayo Tanzania ilijitoa mwaka 2000. Lori moja likisimama katika kituo cha huduma za pamoja mpakani, ofisa wa forodha atauliza cheti cha uasili wa bidhaa, na jibu lategemea ni mkataba upi unaotumika. Mwanafunzi asiyejua tofauti ya mkataba, itifaki na tamko hataufahamu mjadala huo. Kwa hiyo sheria ya kimataifa ni kozi tangulizi ya mtangamano wa kikanda. Haikuwekwa mbele ili kumsumbua mtu.

Hitimisho

Masomo ya vyuo vikuu vyetu bado yanafundishwa kwa Kiingereza, na yupo atakayeuliza faida ya kazi hii. Faida ni kwamba uamuzi wa kusoma hufanyika nyumbani, na nyumbani husemwa Kiswahili. Aidha, SADC iliikubali lugha hii kuwa lugha yake rasmi mwaka 2019, na Umoja wa Afrika ukaifanya lugha ya kazi mwaka 2022. Wahitimu wa programu hizi ndio watakaofasiri na kujadiliana katika mabaraza hayo. Haielekei wakaijue taaluma yao kwa lugha moja tu.

Tunawaomba walimu, wafasiri na watumishi wa Serikali wazijaribu istilahi hizi kwa njia rahisi: msomee mzazi sentensi yenye istilahi hiyo, kisha mwulize mwanawe anatakiwa afanye nini. Akijibu sawasawa, istilahi inafaa. Akikosea, kasoro ni ya istilahi, na sisi tuletewe habari ili tuirekebishe.